Mpangaji Hajaulizwa

Msikilizaji, leo tuanze na shilingi 270. Hizo ndizo zinazokatwa kila mwezi kwenye mshahara wa mlinzi wa Nairobi anayelipwa shilingi 18,000, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Ni asilimia moja na nusu ya mshahara wote, na mwajiri wake anatakiwa kutoa kiasi kama hicho juu yake. Mwaka ukiisha, mlinzi huyo ametoa shilingi 3,240 kutoka mfukoni mwake. Kuna watu watakaoziona kidogo. Kwake ni kodi ya mwezi mzima ya chumba cha mabati katika sehemu nyingi za mitaa ya mabanda ya Mukuru, Mathare au Kibera.

Na sheria hiyo hiyo inamtaja. Imegawa Wakenya kwa kipato: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za jamii, kuanzia 20,000 hadi 149,000 kuna zinazoitwa hasa nyumba za bei nafuu, na juu ya hapo kuna kundi la tabaka la kati. Kwa hiyo mlinzi wetu ni mtu wa kundi la kwanza. Mama anayefua nguo mlango kwa mlango ni wa kundi hilo. Kijana wa mjengo anayebeba kokoto hadi ghorofa ya sita, akilipwa jioni kwa siku, naye ni wa hapo, hata kama hana stakabadhi ya mshahara ya kuthibitisha.

Tumebishana juu ya ushuru huu miaka mingi sasa. Tumebishana mahakamani, bungeni, makanisani, kwenye matatu, na hapa redioni mmepiga simu usiku kucha. Katika mabishano yote hayo, watu hawa wa kundi la kwanza wametajwa kila siku na wametetewa na kila upande. Lakini sijasikia wakiulizwa swali moja jepesi: je, mnataka kununua nyumba, au mnataka nyumba ya kupanga ambayo kodi yake mtaimudu na ambayo hakuna atakayewafungia mlango?

Mimi nasema hayo ni maswali mawili tofauti. Na nasema serikali imejibu la kwanza, la pili ikaliacha.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Ushuru huu haukuanza juzi. Ulikuja kwanza mwaka 2018, wakati wa Ajenda Nne Kuu za Rais Uhuru Kenyatta, pamoja na ahadi ya kujenga nyumba 500,000. Wafanyakazi wakaupinga, mahakama ikausimamisha, nao ukafifia ukawa wa hiari. Mwaka 2023 ukarudi kwa nguvu. Mswada wa Fedha ulitaka asilimia tatu. Baada ya kelele zikabaki moja na nusu. Makato yakaanza Julai mwaka huo. Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ushuru ule haukuwa na msingi kamili wa kisheria, na tena unabagua kwa kuwatoza wenye ajira rasmi peke yao. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuiruhusu serikali iendelee kukata wakati rufaa ikisubiri. Ndipo Bunge likatunga sheria mpya, ikatiwa saini Machi 2024, ikimgusa kila mwenye kipato, wa ofisini na wa kibandani. Miezi mitatu baadaye vijana walipofurika barabarani kuupinga Mswada mwingine wa Fedha, makato ya nyumba yalikuwa miongoni mwa manung'uniko waliyobeba.

Wanaoupinga wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Mfanyakazi amekatwa bima ya afya, amekatwa akiba ya uzeeni, amekatwa kodi ya mapato, halafu anaongezewa na hili, na bei ya unga haimsubiri. Wengine wamekwisha jenga kwao mashambani na hawahitaji ghorofa ya mjini. Wengine hawaamini tu kwamba pesa zitafika zinakosemwa zinakwenda, na historia ya nchi hii haiwapi sababu ya kuamini.

Wanaouunga mkono nao wana lao. Wanasema Kenya inahitaji nyumba mpya 250,000 kila mwaka na zinazojengwa ni kama 50,000. Wanasema vijana wamepata kazi kwenye mijengo, na kwamba mafundi wa jua kali wameuza milango na madirisha. Wanasema Katiba yetu, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na yanayofikika, na haki hiyo haiwezi kutimizwa kwa maneno matupu. Hapo nawaunga mkono moja kwa moja. Soko limeachiwa kazi ya kuwajengea maskini tangu uhuru, na kazi ya soko tumeiona: vyumba vya futi kumi kwa kumi, choo kimoja kwa ploti nzima, nyaya za umeme zikining'inia juu ya vichwa vya watoto. Anayesema serikali isijihusishe na nyumba za watu wa chini aende Mathare asubuhi ya mvua, kisha aseme tena.

Kwa hiyo sipingi serikali kujenga. Ninachouliza ni hiki: baada ya kujenga, nyumba zinakuwa za nani, na kwa masharti gani?

Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kule Mukuru, katika mradi unaokusudiwa kupita nyumba 13,000. Chumba kimoja cha mita za mraba ishirini, chenye choo na bomba lake, kikatangazwa kwa shilingi 640,000, na malipo yake yakasemwa kuwa shilingi 3,900 kwa mwezi kwa muda wa miaka 30. Watu walilia kwa furaha siku ile, na mimi sina neno juu ya machozi yao. Mtu aliyeishi miaka kumi na mitano akipanga foleni ya choo cha kulipia alfajiri, akipewa mlango wake wenye choo ndani, ana kila sababu ya kulia. Na shilingi 3,900 si mbali sana na anacholipa sasa.

Lakini tusikilize neno lenyewe: miaka 30. Kijana wa mjengo hajui kama wiki ijayo atakuwa na kazi. Mama mboga anajua kwamba Januari watu hawanunui, na Aprili mvua inaharibu sukuma. Mlinzi anajua kampuni ikipoteza kandarasi, wanaachishwa kazi watu hamsini kwa siku moja. Mtu wa namna hii hupanga maisha yake kwa tarehe tano ya kila mwezi. Ikipita salama, anaanza kuifikiria ijayo. Mwezi ukiwa mbaya anamwendea keateka, msimamizi wa ploti, anajieleza, analipa nusu, anaomba hadi tarehe kumi na tano. Mwezi ukiwa mbaya zaidi anahamia chumba cha bei ya chini, au anampeleka mtoto kwa nyanya yake mashambani hadi hali itulie. Uwezo huo wa kupunguza na kuhama ndio uliomfikisha hapa alipo bila kuzama. Sasa tunamwambia aufunge kwa mkataba wa miaka 30, alete kwanza diposti, na akishindwa katikati ya safari tuone itakuwaje.

Na usidhani nazungumzia wachache. Kwa sensa ya mwaka 2019, Nairobi ni jiji la wapangaji: takriban kaya tisa kati ya kila kumi hazimiliki nyumba zinamokaa. Mikopo ya nyumba ya benki kwa nchi nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, ni kama 30,000 tu. Kupanga ndiyo maisha ya kawaida ya jiji hili, kwa wenye magari na kwa wanaotembea kwa miguu hadi Industrial Area. Lakini ukisikiliza hotuba za viongozi wetu utafikiri kupanga ni ugonjwa wa muda ambao kila mtu anapaswa kupona.

Nataka nikae kidogo kwenye maisha ya mpangaji wa mtaa wa mabanda, maana hapa ndipo mjadala wetu hukimbia.

Kwanza, anayemkodisha mara nyingi si mwenye ardhi. Ni mwenye banda. Ardhi yenyewe ni ya serikali, au ya tajiri aliyegawiwa zamani, au iko kando ya reli au mto. Mwenye banda alipewa ruhusa ya mdomo na chifu wa enzi hizo, akapiga mabati, akaanza kukusanya kodi, naye mwenyewe huenda anaishi mtaa mwingine kabisa. Mpangaji hana mkataba wa maandishi. Risiti akiipata ni bahati. Maji ananunua kwa mtungi, na ukipiga hesabu ya lita kwa lita, analipa zaidi kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri wa Kileleshwa mwenye bomba jikoni. Umeme unaingia kwa waya wa mtu fulani, kwa malipo ya kila mwezi, na ukikatika hana pa kushtaki. Akilimbikiza kodi, mlango unatiwa kufuli jingine juu ya lake, na vyombo vyake viko ndani.

Sheria ya kumlinda ipo. Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, ya tangu mwaka 1959, na ina baraza lake la kusikiliza mashauri: mwenye nyumba asikufungie bila amri, asikupandishie kodi apendavyo, asikutoe nje bila kusikilizwa. Sheria nzuri. Ila inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Shilingi 2,500! Kiwango hicho kimeachwa hapo miaka nenda miaka rudi, huku kodi za jiji zikipanda mwaka hadi mwaka, hadi leo vyumba vingi vya mabati vimeshapita juu yake. Watu wale wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao wamemwagwa nje ya sheria bila Bunge kubadilisha hata neno moja. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji kreni wala saruji. Kunahitaji wabunge wakae alasiri moja na kubadilisha tarakimu.

Halafu ikumbuke mvua ya Aprili na Mei 2024. Mito ilipofurika Mathare na Mukuru, watu walikufa, na serikali ikaamuru kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke. Matingatinga yakaingia. Familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja ili zikatafute pa kwenda. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi ya mwezi huo na kodi yao ikabaki kwa mwenye banda. Shilingi 10,000 zinakupa diposti na kodi ya mwezi wa kwanza ya chumba kingine cha mabati, na kama una bahati zinabaki za kubebea godoro. Siku ile, kama jiji lingekuwa na nyumba zake lenyewe za kupangisha, hata elfu mbili tu, watu wale wangekuwa na mahali pa kuhamishiwa penye mlango na choo. Hazikuwapo. Hata tungekuwa na maelfu ya nyumba za kuuza zilizokamilika wiki ile, zisingewasaidia usiku ule.

Sasa, kuna mtu ataniambia tumewahi kujaribu. Ndiyo, na tujifunze kutoka huko.

Kibera, mradi wa serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ulizinduliwa mwaka 2004. Mwaka 2009 familia za kijiji cha Soweto Mashariki zikahamishiwa kwa muda kwenye maghorofa ya kando, upande wa Lang'ata, zikagawana nyumba, kila familia chumba chake na jiko la pamoja. Wenye mabanda walikuwa wameenda mahakamani kupigania mapato yao, ujenzi ukakawia. Nyumba 822 za awamu ya kwanza zilikabidhiwa mwaka 2016. Na baadhi ya waliopewa walifanya nini? Waliipangisha nyumba mpya kwa mtu mwenye kipato kizuri zaidi, wao wakarudi kwenye mabati, wakiishi kwa tofauti ya kodi. Wengi waliwasema vibaya. Mimi siwasemi. Ukimpa mtu asiye na kipato cha uhakika mali inayoweza kumletea kipato, ataitumia hivyo. Ni akili ya kuishi. Kosa liko kwa aliyepanga mradi akidhani nyumba ya kumiliki na nyumba ya kukaa ni kitu kimoja kwa mtu anayetafuta chakula cha leo.

Kabla ya hapo kulikuwa na Dandora. Mwaka 1975, kwa fedha za Benki ya Dunia, jiji lilianza kugawa ploti 6,000 zenye choo na bomba, kila familia ijenge polepole. Ukienda Dandora leo utakuta ploti ile imepanda ghorofa, na vyumba vimejaa wapangaji. Nako mtaa wa Umoja, uliokusudiwa watu wa kipato cha chini, wa tabaka la kati wakaingia mapema. Siwalaumu waliojenga wala walionunua. Ninachoonyesha ni mkondo: kila mara jiji hili lilipouza au kugawa nyumba kwa jina la maskini, baada ya miaka michache maskini wamejikuta wapangaji tena, safari hii kwa mwenye nyumba mpya.

Hata kwa jirani zetu wa Tanzania, kule Magomeni Kota, Dar es Salaam, wapangaji wa zamani wa nyumba za umma, kaya 644, walivunjiwa nyumba wakakaa miaka kama kumi wakizungushwa, hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Walirejeshwa, na hilo ni jambo kubwa ambalo kwetu halijatokea kwa ukamilifu namna hiyo. Lakini hata pale swali lililofuata likawa kununua, kwa utaratibu wanaouita mpangaji mnunuzi. Ni kana kwamba serikali zetu haziwezi kuiangalia nyumba yao wenyewe bila kutafuta wa kumkabidhi hati.

Najua jibu lililo kwenye midomo ya wengi: nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Kwamba tulikuwa na nyumba za umma za kupangisha na tumeona zilivyoishia. Kaloleni, Bahati, Jericho, Maringo, Ziwani. Baraza la jiji lilijenga, watu wakapanga kwa kodi ndogo, wakalea watoto pale, wakatoka pale wanasoka, walimu, mawaziri. Kisha paa zikaanza kuvuja na hakuna aliyekuja. Mifereji ya maji taka ikapasuka. Kodi ikabaki pale pale kwa sababu hakuna diwani aliyetaka kuwa yeye wa kuipandisha, nyumba zikapewa watu wenye jamaa ofisini, na waliopewa wakazipangisha kwa wengine kwa bei ya soko huku wakilipa jiji senti. Uani kukajaa vibanda vya mabati.

Yote hayo ni kweli. Lakini tazama kilichoziua. Nyumba zenyewe zilikuwa za mawe na zingine zimesimama hadi leo baada ya miaka zaidi ya sabini. Kilichoziua ni kwamba kodi iliyokusanywa iliingia kwenye mfuko mmoja na kila kitu kingine cha jiji, ikalipa mishahara na safari, haikurudi kwenye paa. Na orodha ya wapangaji ilikuwa siri ya ofisi. Hayo ni makosa ya usimamizi, nayo yana dawa. Isitoshe, usimamizi ule ule mbovu utaziua nyumba za kuuza pia. Ghorofa ya watu mia mbili yenye lifti, pampu ya maji na taa za ngazi inahitaji mtu wa kukusanya pesa za matunzo na mtu wa kuziwajibikia, iwe mnakaa kama wenyewe au kama wapangaji. Lifti haiangalii hati.

Ngoja niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna jiji moja lililofanya hili likafaulu, na lilianza kwa ushuru kama sisi. Vienna, mji mkuu wa Austria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wafanyakazi wake walikuwa wakilala kwa zamu kitandani. Mwaka 1923 jiji likaanzisha ushuru wa ujenzi wa nyumba. Ila halikukata asilimia sawa kwa mfua nguo na kwa mkurugenzi. Lilitoza majumba. Mwenye chumba alitoa kidogo mno, na wenye makasri wachache, wale wa juu kabisa, ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Katika miaka kumi na kidogo jiji likajenga nyumba zaidi ya 60,000. Moja ya majengo hayo, Karl-Marx-Hof, la mwaka 1930, lina nyumba zaidi ya elfu moja, na watu wanakaa humo hadi leo. Jiji halikuziuza. Mpaka sasa Vienna ni mwenye nyumba wa familia kama 220,000, na mwalimu na dereva wa basi wanaishi ngazi moja bila aibu.

Kenya si Austria, najua. Hatuna hazina ile wala historia ile. Lakini hoja mbili za Vienna zinaingia hapa sawasawa: anayebeba ushuru, na anayebaki na nyumba.

Kuhusu anayebeba ushuru, ushuru wetu unamtoza mwenye 18,000 kwa kipimo kile kile cha mwenye 1,800,000. Mtu wa kundi la nyumba za jamii, ambaye sheria yenyewe imekiri kwamba hajiwezi, anachangia kujenga nyumba za watu wanaopata mara tano yake, kwa kuwa mfuko ni mmoja. Ningependa sana kusikia mbunge akisimama kusema aliye chini ya shilingi 20,000 asikatwe. Pengo litakaloachwa lijazwe na wenye majumba.

Kuhusu anayebaki na nyumba, serikali husema hivi: tukiuza, pesa zinarudi mfukoni, tunajenga nyingine. Ni hoja inayosikika vizuri hadi uipigie hesabu. Nyumba ya Mukuru inalipwa kwa miaka 30, kidogo kidogo kila mwezi. Yaani pesa zinarudi kwa mwendo ule ule wa kodi. Tofauti inaonekana mwaka wa thelathini na moja. Ukiuza, siku hiyo umma hauna nyumba wala malipo, na ardhi, ambayo ilikuwa ya umma na haikununuliwa kwa bei ya soko, imekwenda nayo. Ukipangisha, umma bado una nyumba, una ardhi, na mlango unafunguliwa kwa familia nyingine yenye shida kama ya ile ya kwanza. Sheria imejaribu kuziba pengo hili kwa kumzuia mnunuzi asiuze bila kibali cha Bodi inayosimamia nyumba hizi. Kibali ni karatasi, na sote tunajua karatasi zinavyopatikana Nairobi.

Mtu mwingine ataniuliza: je, unataka maskini wasimiliki chochote? Hapana. Anayeweza na anayetaka, anunue. Mwalimu, nesi, fundi mwenye wateja wa kudumu, askari, karani wa kaunti: hawa ndio kundi la kati la sheria hii na kwao mpango wa kulipa hadi kumiliki ni mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi. Wauziwe, na wauziwe kwa haki. Ninachokataa ni kumvuta mtu wa kipato cha siku kwa siku kwenye mpango huo huo, kisha akianguka tuseme tulimpa nafasi akashindwa.

Nyumba za jamii zipangishwe. Kodi ifungwe na kipato cha kaya, ipitiwe upya kila baada ya muda unaojulikana, na mtu akifiwa au akipoteza kazi kuwe na utaratibu wa kupunguziwa, usiotegemea huruma ya keateka. Pesa za kodi ziwe na akaunti yake, na hesabu ibandikwe ukutani chini ya ngazi ambapo kila mpangaji ataisoma. Orodha ya wanaosubiri iwe wazi, yenye namba ya foleni. Hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Pale Mukuru, kaunti ilipotangaza mwaka 2017 kuwa eneo hilo ni la upangaji maalum, wenyeji kupitia Muungano wa Wanavijiji walisaidia kuhesabu kaya nyumba kwa nyumba, kichochoro kwa kichochoro, ikajulikana nani anakaa wapi na analipa nini. Maelfu ya watu walikaa vikao na wapangaji miji wakasema wanataka barabara ipite wapi na maji yafike vipi. Baadhi ya barabara na visima vilivyojengwa baadaye vilifuata yale waliyosema. Watu hao hao wana vyama vyao vya akiba, wana daftari, wanajua nani amelipa na nani ana shida ya kweli. Kuwashirikisha katika kuendesha majengo ni jambo linalowezekana kesho asubuhi.

Na wale wenye mabanda? Nisiwasahau, kwa sababu wakisahauliwa watakwenda mahakamani kama walivyofanya Kibera, na wengine wao ni wajane wenye vyumba vinne ndivyo vinavyowasomeshea watoto. Mwenye vyumba vinne atafutiwe fidia au nafasi. Mwenye vyumba mia mbili juu ya ardhi ya umma, aliyekusanya kodi ya miaka thelathini, huyo nadhani amekwisha kulipwa.

Kaunti zinaitisha vikao vya maoni ya umma kabla ya miradi hii kuanza. Hufanyika siku ya kazi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kata, na mpangaji wa kibarua hana namna ya kufika bila kupoteza pesa ya siku. Wanaofika ni wenye ploti, mawakala na watu wa diwani. Nimeomba hapa hewani, na naomba tena, kwamba vikao vya Nairobi vifanyike Jumapili alasiri. Nawe msikilizaji uliyelipa kodi tarehe tano iliyopita, ukipata nafasi ya kufika, usimwulize afisa wa nyumba mradi utakuwa na ghorofa ngapi. Mwulize katika nyumba hizo ni ngapi zitabaki za kupangisha, kodi yake itaamuliwa na nani, na ukishindwa kulipa mwezi mmoja utamwendea nani. Umwombe ayaandike majibu, na aweke saini.